Sauti Iliyoisimamisha Ndia Kuu

Kabla ya kutangaza maiti, mjomba wangu hukohoa mara moja. Si kikohozi cha ugonjwa, ni cha kusafisha koo, kifupi na kikavu. Kisha hunyamaza, kadiri ya mtu kumeza mate, ndipo aseme: "Ndugu, jamaa na majirani, mwatangaziwa..." Gari huwa likienda polepole, vipaza sauti viwili juu ya paa, naye amekaa kando ya dereva, karatasi mkononi, miwani imemshuka puani. Hutaja jina la marehemu na la babake, nyumba aliyokuwa akikaa, wanawe, msikiti atakaosaliwa na wakati. Hukariri mara mbili, gari likasogea. Haongezi neno.

Aliianza kazi hiyo alipostaafu bandarini, alikokuwa karani, na hajawahi kupokea ujira wake. Husema thawabu haina risiti. Najua siku hizi habari za msiba hupita kwenye simu kabla maiti hajapoa. Lakini huku Mji wa Kale kuna wanawake wa umri wa mamangu wanaokaa ghorofani, simu zao ni za kupokelea tu, na hao humngoja mjomba. Wakikisikia kile kikohozi huzima redio, hupunguza moto wa jiko, husogea dirishani. Mmoja wao ni shoga yake mama, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wakiwa wadogo wa kukaa mkekani. Nyumba yake iko kichochoro cha pili kutoka kwetu. Kila Ijumaa asubuhi, tangu mama aanze kuugua, alikuwa akija na chupa ya uji wa pilipili manga, na hakuna aliyethubutu kumwambia mgonjwa ameshakunywa chai.

Mimi naandika matangazo ya biashara. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini katika kampuni ndogo yenye ofisi ghorofani pale barabara ya Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago. Bosi wetu ni mwanamke wa bara aliyezaliwa hapa hapa kisiwani, babake akiwa mtu wa reli. Ni Mkristo mcha Mungu, mwenye huruma, na asiyejua kukaa kimya. Nayasema haya mapema ili msije mkamtafutia ubaya. Ubaya niliufanya mimi, tena kwa majivuno.

Zamani za redio kazi yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mteja alikuja na bidhaa moja na maneno mengi, nasi tukambakishia machache. Niliandika, nikasimama katikati ya chumba nikasoma kwa sauti, bosi ameshika saa. Nusu dakika. Neno likizidi, linatoka. Tuliwahi kubishana siku nzima juu ya neno moja la unga wa ngano, na wiki chache baadaye nikapita sokoni Marikiti nikasikia wachukuzi wakiliimba lile neno langu huku wamejitwika magunia. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa. Mama aliniuliza mbona nacheka peke yangu.

Kisha kila kitu kikahamia kwenye simu. Tukaambiwa tangazo sasa lazima limshike mtu kabla kidole chake hakijasogea, na kidole cha siku hizi hakina subira hata ya kusalimiwa. Maneno yangu yakawa marefu. Hata yale mafupi yakawa marefu. Tulijaribu vichekesho. Tulimlipa binti mwenye wafuasi wengi, akaishika sabuni ya mteja juu chini kuanzia mwanzo wa video hadi mwisho. Wateja wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanavyotoka kwenye karamu ambayo wali umeungua. Akabaki mmoja, kampuni ya magodoro yenye makao makuu Nairobi, na huyo naye alikuwa ameshaanza kutazama mlango.

Siku ambayo mkubwa wao wa hapa Mombasa alikuja kutuaga, ingawa yeye aliita kikao, gari la mjomba liliingia mtaani. Kikohozi. Kimya. Mimi kwa mazoea nikanyamaza katikati ya sentensi, na mgeni akageuka kutazama ninachosikiliza. Chini yetu Ndia Kuu ilikuwa imesimama. Muuza vinyago ameshika twiga hewani, mtalii mbele yake haelewi. Mwenye mkokoteni ameegemeza tumbo kwenye mpini. Wanawake wawili wamesimama na mifuko yao ya mboga, vichwa vimeinama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama simu.

"Huyo ni nani?" akauliza yule mkubwa.

"Ni mjomba wangu," nikasema.

Laiti ningeuma ulimi. Lakini nilikuwa nimekaa miezi nikiambiwa siwezi kumsimamisha mtu hata kwa kufumba na kufumbua, na huyu hapa mtu wa damu yangu anasimamisha barabara nzima kwa kikohozi. Nilijivuna, ndiyo. Bosi alinitazama, macho yakamng'aa, na nikajua tayari ameshaandika tangazo kichwani.

Mjomba alikuwa na desturi ya kuja kumjulia hali mama kila baada ya swala ya alasiri. Nikamngoja huko huko, chumbani kwa mgonjwa, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Sauti yangu mimi ni ya maziko, mamangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa msichana. "Watu wameizoea kwa hilo."

"Ni magodoro tu, mjomba. Si haramu."

"Sikusema ni haramu. Nasema mtu akisikia koo langu moyo humpiga. Wataka moyo uwapige kwa godoro?"

Mama ndiye aliyenijibia, kutoka kitandani, sauti yake haina nguvu lakini bado ni ya dada mkubwa. "Mfanyie mtoto. Ofisi ikifungwa atakwenda wapi na umri huo?"

Mtoto alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mjomba alimtazama dadake kwa muda. Sijapata kumwona akimkatalia kitu, na siku hiyo pia hakumkatalia. "Ila kwa sharti," akasema. "Yale maneno ya mwanzo, ndugu, jamaa na majirani, siyasemi. Hayo ni ya maiti. Mwauza, uzeni kwa maneno mangine."

Nikamwapia. Niliapa mbele ya mamangu.

Tulimrekodi siku mbili. Hatuna chumba cha kurekodia cha maana, kwa hiyo tuliyachukua magodoro aliyotuletea mteja ya kupigia picha, tukayasimamisha pande zote ili kelele za barabarani zisiingie, mjomba tukamweka katikati. "Ndio mwanizika?" akauliza, na sote tukacheka. Alisoma tangazo lenyewe, zuri, la adabu, nililoliandika mwenyewe. Kisha akasoma kurasa na kurasa za sentensi zisizo na mbele wala nyuma, kuku wa jirani, mvua ya juzi, bei ya nyanya, ili kompyuta iizoee sauti yake na baadaye iweze kusema lolote bila ya kumsumbua mzee. Ndivyo tulivyoelezwa, bila ya kumsumbua mzee. Karatasi ya makubaliano nilimsomea mimi, haraka haraka, kama yale masharti tunayoyakimbiza mwishoni mwa tangazo la redio. Akatia sahihi kwa sababu aliyemsomea ni mimi.

Baada ya wiki Nairobi wakalalamika kwamba sauti imekauka, mzee anasoma kama mtu aliye mbele ya kadhi. Je, hatuna mahali popote alipozungumza kwa hali yake ya kawaida? Ninayo, nikasema. Nilikuwa nayo kwenye simu, nilimrekodi siku moja dirishani akitangaza maziko ya jirani yetu, kwa sababu nilipenda alivyolitamka jina la yule bibi. Nikawatumia. Sikumuuliza mtu. Nilibonyeza tu, nikaenda kula. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mwezi wa kwanza haukuwa na neno. Tangazo lilipita kwenye simu kwa maneno yangu, watu wakamtania mjomba msikitini, wakamwita Bwana Godoro, naye akacheka nao. Nikaanza kuamini tumevuka. Kisha asubuhi moja nilikuwa natazama video ya mapishi, nikasikia kikohozi. Kifupi, kikavu. Kimya cha kumeza mate. "Ndugu, jamaa na majirani, mwatangaziwa kwamba usingizi mwema umewasili Mombasa."

Nilisimama. Nasema kweli nilisimama wima, mkono kifuani, kabla sijajua ninalolisikia. Mashine ilikuwa imejifunza vizuri mno. Mjomba hajawahi kuyasema maneno hayo, na hata hivyo ni yeye, na pumzi yake, na ule mteremko wa sauti mwishoni.

Nilipanda ngazi za ofisi mbio. Bosi naye alikuwa ameshalisikia na uso umemshuka. Akapiga simu Nairobi mbele yangu. Akabembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Walimjibu kwa upole kwamba watu walikuwa wakilisikiliza tangazo hilo hadi mwisho kuliko yote waliyowahi kutoa, na kwamba mzee alitia sahihi sauti yake itumike kwa maneno yoyote ya bidhaa. Bosi akaweka simu mezani. "Dada," akaniambia, "nilidhani sisi ndio tunaotengeneza tangazo. Kumbe sisi ni mahali lilipopitia." Kisha akaniuliza kama nataka chai. Hatukuwa na la kufanya jingine, tukanywa chai.

Mwenye nguvu mpishe, husema watu, lakini nani alitupa nafasi ya kupisha? Wiki iliyofuata kampuni ilileta gari. Baada ya kutuimbia mwaka mzima kwamba dunia imehamia kwenye simu, walileta gari jeupe lenye vipaza sauti juu ya paa, godoro limesimamishwa nyuma, nalo likazunguka kutwa na sauti ya mjomba. Likapita Makadara, likapita Kibokoni, likapita chini ya madirisha yote ya wale wanawake wasio na simu za maana. Kizingo tu, mtaa wa wenye pesa, ndiko halikwenda. Yule mkubwa wa magodoro anakaa huko, na huko hawapendi kelele.

Siku za mwanzo watu walishtuka. Wanawake walikimbilia madirishani wakarudi wakitukana. Kisha wakazoea, na huko kuzoea ndiko kulikoniogopesha. Vijana wakaichukua ile sauti wakaifanyia mzaha kwenye simu, mjomba akawa anatangaza maziko ya timu iliyofungwa, maziko ya mshahara, maziko ya mapenzi ya fulani. Hata kampuni ingeamka siku moja ikawa na haya, hayo nani angeyakusanya? Maji yakimwagika hayazoleki.

Mjomba hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Siku ya kwanza aliyotoka kutangaza maiti baada ya gari lile kufika, alirudi akakaa kwenye ngazi yetu, miguu imeenea vumbi. "Nimepita Ndia Kuu," akasema. "Hakusimama mtu. Mmoja alinambia, mzee, leo mwatupunguzia bei?" Akaikunja karatasi yake. "Alikuwa ni maiti wa watu, mamangu. Baba wa watoto."

Alijaribu alivyoweza. Aliacha kukohoa, lakini koo likamsaliti. Alibadilisha maneno ya mwanzo, watu wakadhani ni tangazo jipya. Mwisho akawa analiacha gari barabara kubwa, anaingia vichochoroni kwa miguu, mzee wa miaka sabini na kitu, anapanda ngazi za watu, anabisha hodi nyumba baada ya nyumba na kuyasema kwa mdomo mtupu. Nilikutana naye mara moja ameegemea ukuta, anatafuta pumzi. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia niwie radhi, na nilichosema ni, "Jua kali leo, mjomba."

Mama alifariki siku ya Alhamisi, asubuhi, baada ya kuomba maji na kuyaacha. Ilikuwa azikwe alasiri ile ile. Wakati ulikuwa mfupi na mjomba miguu haikuwa na nguvu, alikuwa amelia. Akasema ataingia kwenye gari. "Jina la dadangu watalisikia," akasema. "Wakilisikia jina watajua." Nami nikakubali. Nilikuwa na mambo mengi ya kushika, maji, sanda, udi, watu wa kuosha, na mtu akiniuliza fulani ameambiwa, nilijibu gari linapita. Miaka yote ndivyo tunavyofanya. Shoga yake mama sikumtumia mtu. Kwa nini nimtume mtu vichochoro viwili, na sauti ya mjomba inapita chini ya dirisha lake?

Niliisikia ikipita chini ya letu. Nilikuwa nimeshika mguu wa mama, tunamwosha. Kikohozi, kimya, ndugu, jamaa na majirani. Alilitaja jina lake na la babao, na pale kwenye jina la babao sauti ikakatika kidogo, jambo ambalo mashine hailijui. Hapo hapo nikasikia dirisha la mtu likifungwa, pa! Mwanamke aliyekuwa akimimina maji alinitazama, akaendelea kumimina.

Watu walikuja, sisemi hawakuja. Walikuja wenye simu. Wanaume waliokwenda makaburini walitosha kulibeba jeneza. Lakini kabla halijatolewa, wanawake walipopita mmoja mmoja kumtazama uso na kutakana radhi, nilikuwa nikiwahesabu wasiokuwepo, wale wa madirishani, marafiki zake wa mkekani. Nikauliza, wakubwa wa kina mama wako wapi? Mtu akasema pengine ni miguu yawasumbua. Nikamsubiri shoga yake. Wanaume wakabisha mlango mara ya pili, wakasema wakati umekwisha. Nikamfunika mama uso.

Ijumaa asubuhi alikuja. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa namna anavyopumzika kila ngazi ya tatu. Alikuwa na chupa yake ya uji, imeviringwa kwa leso kama kila wiki. Alifika mlangoni akaviona viatu. Alivitazama vile viatu vingi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Lini?" akauliza.

"Yana, shangazi. Amezikwa yana alasiri."

Hakulia. Alikaa pale pale kizingitini, chupa mapajani. Mjukuu wake anayekaa naye alikuwa zamu bandarini kutwa na usiku kucha, hakuwa na mtu wa kumwambia. Nilikaa chini mbele yake.

"Nalisikia," akasema. "Nalisikia koo la mjombako, n'kenda dirishani. Nikalisikia na ina lake likitajwa. Nikasema, hawa watu hawana haya, hata ina la mwendangu wamelitia kwenye magodoro. Nikafunga dirisha kwa hasira." Akaikaza leso ya chupa. "Siku zote nalikuwa nikimwambia, atakayetangulia mwendawe atamtaka radhi. Na mimi nilikuwa hapo tu. Nilikuwa hapo napika uji wake."

Nilijua wakati ndio huu wa kusema. Kwamba rekodi ile niliitoa mimi kwenye simu yangu. Kwamba niliapa na kiapo changu hakikushika. Nilifungua mdomo, mimi ninayelipwa kwa maneno, na hakikutoka kitu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu ukumbini. Nilimhisi. Yeye naye sauti aliyokuwa nayo ilikuwa imechukuliwa.

Shoga yake mama akafungua ile leso, akafungua chupa, akauliza kikombe cha mama kiko wapi. Nikamletea. Akamimina uji mpaka juu kama alivyokuwa akimmiminia mwenziwe, akautazama, kisha akaninyooshea mimi.

"Kunywa wewe," akasema. "Usije ukapoa."

Nikaupokea kwa mikono miwili nikaunywa wote, hapo kizingitini, yeye akinitazama. Chini, upande wa Ndia Kuu, mtu alikohoa kwenye kipaza sauti, na sisi watatu, mjomba mwenyewe akiwamo, tukanyamaza kusikiliza kama ni maiti au ni magodoro.